Njaa ya Betri Sitini na Nne

Msumari hauli. Ukiuweka ndani ya boksi, ukalifunga, ukalirudia baada ya miaka mitano, utaukuta umekaa vilevile, labda umeota kutu kidogo kichwani, lakini bado ni msumari. Bati nalo ni hivyo hivyo. Komeo, bawaba, ndoo ya zege, vyote ni viumbe vyenye subira, havidai chochote kwa mwenyewe. Hivi ndivyo alivyoijua biashara yule tajiri wa vifaa vya ujenzi ambaye mtaa mzima ulimwita Msumari, na kwa kuijua hivyo alijenga nyumba ya ghorofa, akaoa, akaota na kitambi cha heshima. Kwa hiyo siku alipoingiza betri sitini na nne za kuhifadhia umeme wa nyumbani, zile bapa nzito zinazotundikwa ukutani, alizipanga stoo nyuma ya mabati, akapiga kufuli, akajua amemaliza.

Aliyejua kwamba hajamaliza alikuwa shemeji yake.

Huyu alikuwa mjane wa kaka yake Msumari, mama wa miaka arobaini na saba, mwembamba, mwenye vidole vilivyokauka kwa asidi. Mtaani walimwita Fundi, basi, bila nyongeza. Kazi alifundishwa na mumewe. Walianza na betri za magari, zile za maji makali, yaliyomtobolea magauni kila mahali mpaka mama mkwe wake akawa anasema, "Mkwe wangu siku hizi anatembea kajifunga chandarua." Baadaye zikaja hizi za lithiamu, safi, hazina maji wala harufu, na mume akajifunza kuzifunga, na mke akajifunza pembeni yake. Mume alipofariki, Msumari alimchukua shemeji yake dukani, akampa upande wa sola na betri: kupima, kuelekeza wateja, kwenda kuwafungia majumbani. Mshahara haukuwa wa kujivunia, lakini Fundi aliipenda ile kazi ya kuingia nyumba ya mtu yenye giza na kutoka ikiwa na mwanga.

Alikuwa na tabia moja ya ajabu. Alisoma ile karatasi.

Kila boksi la betri linakuja na karatasi imekunjwa, maandishi madogo kama mayai ya chawa, na kila mtu huitupa au kufungia vitu. Fundi aliisoma yote. Ilisema kwamba betri inayokaa bila kazi ipimwe kila baada ya miezi mitatu na kuongezewa chaji, kwa sababu ndani yake mna ubao mdogo wa kuilinda, na ule ubao haulali. Unakunywa tone moja moja, usiku na mchana, hata boksi likiwa bado na mkanda wa kiwandani. Akiba ikipungua sana, betri inajifunga yenyewe. Ikiachwa hivyo muda mrefu, inakufa kweli.

Basi kila msimu, Jumamosi nne mfululizo, duka likishafungwa mchana, Fundi alibaki stoo. Alipasua boksi taratibu upande wa chini, akaunganisha nyaya, akazipa chaji kumi na sita, wiki ijayo kumi na sita nyingine. Mwenyewe aliita kuzilisha. "Mama, leo nitachelewa, nakwenda kulisha," alimwambia mama mkwe wake, ambaye walikaa naye nyumba moja, na bibi yule alimjibu, "Haya, wasalimie ng'ombe wako." Msumari mwenyewe hakuambiwa na Fundi. Hapo alikosea, tuseme ukweli. Lakini hakuona kama ni habari ya kusemwa. Anayefagia duka haendi kwa mwenye duka kumtangazia kwamba leo nimefagia.

Sasa, Msumari alizinunua zile betri wakati bei imepanda mpaka mawinguni. Lithiamu ilikuwa inagombewa dunia nzima, redio haikuwa na wimbo mwingine. Betri moja ya nyumbani ilikuwa bei ya pikipiki mpya. Msumari akapiga hesabu yake ya mabati: kilichopanda mwaka huu, mwakani kitapanda zaidi. Akauza kiwanja cha pili, akajaza stoo, akakaa kungoja utajiri. Haikuchukua muda, migodi mipya ikafunguliwa huku na huko, viwanda vikatengeneza kuliko watu wanavyonunua, bei ikaanza kuteremka. Betri ikawa bei ya pikipiki iliyotumika. Halafu ikawa bei ya pikipiki iliyoanguka mtaroni. Msumari akawa hali vizuri. Akaanza kutafuta pesa yake inavujia wapi, na mtu anayetafuta tundu kwa hasira hulipata tu, hata kama halipo.

Jumamosi moja alirudi dukani kuchukua miwani aliyoisahau. Akasikia kitu kinanguruma stoo. Akachungulia, akamkuta shemeji yake amekaa juu ya ndoo, nyaya zimetapakaa, taa nyekundu na kijani zinawaka.

"Aha!" akasema. "Kumbe ndio maana bili ya umeme inapanda."

"Karibu, shemeji. Nazilisha."

"Unazilisha nini?"

"Betri. Zikikaa sana zinashuka, inabidi uzipandishe kidogo. Imeandikwa kwenye karatasi."

"Betri mpya? Ndani ya boksi?" Msumari akacheka kile kicheko cha mtu asiyefurahi. "Ina meno? Ina tumbo? Na chooni inakwenda?"

"Shemeji, nisikilize..."

"Na hii kuukuu hapa ni ya nani?"

"Ya mteja. Imeletwa jana, naipima."

"Basi sema hivyo. Unachajia watu betri zao kwa umeme wangu, hela unatia mfukoni, mimi nalipa bili."

Fundi akasimama. Umeme wote aliotumia kwa msimu mzima ulikuwa kama wa kupigia pasi nguo za familia wiki chache, na akamwambia hivyo. Akamwambia pia kwamba kama anataka kujua bili imepanda kwa nini, akaliulize lile friza kubwa alilonunuliwa mkewe. Hilo la friza lilikuwa kweli, lakini halikusaidia.

Jumatatu asubuhi Msumari alimfukuza mbele ya wateja. Wangemalizana wawili kimya kimya, ingekuwa vingine. Lakini yeye alisema kwa sauti, mkono umeshika mzani, na baada ya hapo kila aliyenunua kilo ya misumari alipewa na ile habari kama nyongeza. Ndani ya wiki mbili Fundi akawa na jina jipya. Akipita, mtu anasema chini chini, "Ficheni soketi." Wakamwita Mama Soketi.

Ukimwita mwokaji mwizi, watu bado watanunua mkate. Fundi wa umeme ni tofauti. Yeye anaingia mpaka chumbani, anapanda darini, anaachwa peke yake na kabati la watu. Fundi mwenye jina la wizi haitwi. Milango iliyokuwa inamngoja ikafungwa, mmoja mmoja, kwa adabu: "Tutakuambia, Fundi." "Baba watoto kasafiri." "Tumepata mwingine, wa karibu." Akabaki barazani kwake na tochi za watu na redio zilizokatika waya, kazi za kupitisha siku.

Mama mkwe wake alimtazama siku tatu, ya nne akasema, "Umemweleza vizuri lakini?"

"Nimemweleza, mama."

"Kamweleze tena. Yule mwanangu kichwa chake kigumu, nilimzaa kwa shida kwa sababu ya hicho hicho."

"Sitamweleza tena."

"Sasa utafanyaje?"

"Hakuna. Nitanyamaza."

Bibi yule akamwangalia vizuri. Alikuwa mzee, lakini macho yake yalifanya kazi. "Kunyamaza kwako," akasema, "kunanuka."

Na kweli. Maana Fundi alikuwa amekwisha hesabu. Betri zile zilikula mara ya mwisho msimu ule. Bila kulishwa, zingefika nusu mwaka zikiwa dhaifu, na mwaka ukipita zingekuwa zimejifunga zote. Msumari hajui, na hakuna wa kumwambia, kwa sababu anayejua ndiye aliyeitwa mwizi. Kuna visasi vya kuvunja vioo na visasi vya kupelekana mahakamani, na vyote vina jasho na gharama. Chake hakikumtaka hata ainuke kitini. Kilitaka afunge mdomo tu, na siku zifanye kazi.

Lakini mtu akionja kisasi, ulimi unataka zaidi. Kinyozi wa kona alikuwa bado anamsalimia, mtu wa maneno mengi, mwenye mashine mbili na kiti kimoja. Siku moja akapita na kuuliza, "Fundi, hivi nikichukua betri kwa shemeji yako, niondokane na huu umeme wa kukatika mteja akiwa nusu kichwa..."

"Ngoja," Fundi akasema.

"Ningoje nini? Juzi mtu kaondoka hapa na nusu, sijamwona mpaka leo."

"Bei inashuka. Ukingoja miezi mitatu, utanunua hiyo hiyo, na hela inayobaki utaongeza kiti."

Hakusema uongo. Bei ilikuwa inashuka kweli. Lakini alijua anamwambia nani. Kwa yule kinyozi walipita watu thelathini, arobaini kwa siku, na kila aliyetoka na kichwa kilichonyolewa alitoka na lile neno ndani yake: ngojeni, bei inashuka. Msumari akashusha kidogo. Wakangoja. Akashusha tena. Wakasema, unaona? Wakangoja zaidi. Mwisho akakasirika, akasema hauzi kwa hasara, lithiamu itapanda tu, akafunga stoo na kuweka kufuli la pili.

Kila jioni Fundi alisikiliza habari za biashara redioni. Alikuwa hajui mafuta ni kiasi gani wala kahawa, akisubiri hilo moja. Wakisema lithiamu imeshuka tena, anatabasamu na kuendelea kuchomelea waya wake.

"Watu hucheka vichekesho," mama mkwe akamwambia. "Wewe unacheka bei."

"Ni tamu, mama."

"Ni mwanangu huyo unayemcheka."

"Ndiyo, mama. Na mimi ni nani?"

Bibi akajivutia shuka miguuni, akasema redio ipunguzwe.

Isidhaniwe alikuwa na raha tupu. Kulikuwa na ukuta wa ile stoo unaopakana na njia ya kwenda sokoni, na Fundi alipopita pale alipunguza mwendo. Alizijua zile betri. Ya kumi na mbili ilikuwa na mkwaruzo pembeni, ya arobaini ilikuwa inachelewa kujaa kuliko wenzake. Alikuwa anamwadhibu mtu kwa kuviacha vife vitu alivyovitunza kwa mikono yake, na hilo lilimchoma. Kisha mtu anampita na kunong'ona, "Soketi hizo," na uchungu unageuka tena kuwa utamu.

Mwaka ukaisha, na mwezi juu yake. Betri ya nyumbani sasa ilikuwa bei ya baiskeli nzuri. Hapo Msumari alisalimu amri. Akabandika matangazo kwenye nguzo na milango: Jumamosi, betri zote, bei ya kutupa, wa kwanza kuja wa kwanza kupata, mali ikishauzwa hairudishwi.

Kinyozi alilisoma tangazo kwa sauti kila alipopata mteja. Mtaa mzima uliokuwa umengoja ukaanza kuchimbua akiba zake. Na Fundi, barazani kwake, akaona mlo wake unaandaliwa. Maana hakuwa amefikiria kwamba utakuwa mtamu hivyo. Alidhani Msumari atafungua maboksi, akute maiti, alie peke yake. Kumbe atawauzia watu! Watu sitini na nne watatundika ukutani kitu kilichokufa, kisha watarudi, kila mmoja na mzigo wake wa kilo hamsini na mdomo wake. Watamla mbichi. Na yeye atakuwa amekaa hapa hapa, na tochi mkononi, hajasema neno.

Ijumaa mchana akaja mkunga.

Alikuwa na nyumba ya uzazi ya vitanda vitatu, nyuma ya ghala la magunia. Umeme ukikatika, alizalisha na tochi mdomoni. Akina mama aliowazalisha walikuwa wamemchangia, wengine kidogo sana, na bahasha ile alikuwa nayo kwapani.

"Fundi, kesho nachukua mbili. Wewe ndiye utakayenifungia."

"Mimi? Husikii wanavyoniita?"

"Mama wee, mimi nazalisha. Maneno wanayosema watu wakishikwa na uchungu, nikiyabeba yote nyumbani nitalala wapi? Njoo Jumapili, uje na ngazi yako, yangu imevunjika."

Akaenda zake. Fundi akabaki na bisibisi mkononi. Katika miezi kumi na mitatu, huyu alikuwa wa kwanza kumwambia njoo.

Angeweza kumwita pembeni, amwambie usinunue, nyamaza, na kisasi kiendelee na wale wengine sitini na wawili. Alilifikiria hilo mpaka chai ikapoa. Lakini kati ya hao alikuwemo kinyozi, aliyengoja kwa neno lake. Walikuwemo mafundi viatu, na mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Nusu ya moyo wake iliwahurumia. Ile nusu nyingine, tusiipambe, ilitaka kitu kikubwa kuliko ukimya. Ilitaka kuonekana.

Jumamosi akavaa gauni ambalo halijatobolewa, akatia kipimo chake kwenye mkoba, na taa moja ya gari iliyofungwa nyaya mbili, akaenda.

Watu walijaa mpaka barabarani. Msumari alikuwa amesimama juu ya mifuko ya saruji na kipaza sauti, jasho limemlowesha kola. Fundi akapita katikati yao, na njia ikafunguka yenyewe, maana watu walimwachia nafasi wakishika mifuko yao.

"Shemeji, habari za asubuhi," akasema. "Nataka moja. Lakini nipimie."

Katika duka lile, kama katika maduka mengi ya aina ile, balbu hainunuliwi bila kupimwa. Muuzaji anaichomeka kwenye kaunta, inawaka, mteja anaona kwa macho yake, ndipo analipa. Msumari alijisifu kwa hilo. Alikuwa ameandika mwenyewe kwa rangi nyekundu juu ya kaunta: PIMA NDIPO ULIPE.

"Hizi si balbu," akasema. "Hizi mpya, zina mkanda wa kiwanda."

"Hata balbu inakuja na boksi lake."

"Mpimie!" kinyozi akapaza sauti toka nyuma. "Mbona hata mimi wananipima mashine kabla hawajakaa?"

Watu wakacheka, wakasema pima, pima. Msumari akaona kukataa ni kujiumbua. Akapasua boksi la kwanza, akabonyeza kitufe cha betri. Kimya. Akabonyeza tena, akashikilia. Hakuna taa hata moja. Fundi akagusisha nyaya za ile taa ya gari kwenye vichwa vya betri, taratibu, kila mtu aone. Giza.

"Hii moja ni mbovu," Msumari akasema. "Kwenye mzigo mkubwa lazima moja iwe mbovu."

Akapasua ya pili. Ya tatu. Ya nne. Ya tano. Kwenye ya saba kinyozi akauliza, "Tajiri, unauza betri au unauza majeneza?" na watu wakacheka kicheko kile kibaya, cha watu walioshika hela zao na kuona walivyoponea chupuchupu.

Msumari akamgeukia shemeji yake. Uso ulikuwa umemvimba. "Umeziroga!"

"Sijaziroga. Zimekufa njaa." Fundi hakupaza sauti, na ndiyo maana wote walinyamaza wamsikie. "Nilikuwa nazilisha, pale stoo, kila msimu, Jumamosi. Ukaniita mwizi wa umeme. Leo ni mwezi wa kumi na tatu hazijala."

Mtu mmoja, mwalimu mstaafu, akauliza polepole kama anayesahihisha daftari, "Kwa hiyo ulikuwa unatunza mali yake?"

"Nani aliwaambia vingine?"

Macho yote yakapanda juu ya mifuko ya saruji. Mkunga akairudisha bahasha yake kwapani. Na Fundi akakunja nyaya zake, akaaga, akatoka, na safari hii njia ilifunguka kwa namna nyingine.

Jumatatu Msumari alikuja. Alipita kwanza kwa mama yake, akampa shikamoo ndefu, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa kidogo kuliko yeye.

"Mama, zungumza na shemeji."

"Mdomo si unao? Juzi ulikuwa nao mpaka na kipaza sauti."

Akageuka. "Shemeji, zinaweza kupona?"

Fundi alikuwa anafuta miwani. Aliifuta kwa muda mrefu. "Nyingine. Zile ambazo hazijashuka mno. Unazilisha kwa kijiko, polepole sana, kila moja siku nzima, na kuiangalia wiki isivimbe. Ukizipa chaji kwa pupa zinawaka moto."

"Unaweza?"

"Naweza."

"Unataka nini?"

Aliyajua majibu yake tangu mwaka jana. Itakayopona, itauzwa kwa bei ya leo, nusu yako na nusu yangu, na mbili za kwanza zinakwenda kwa mkunga. Itakayokufa ni yangu, nitachukua vipuri. Na kabla ya yote, kile kipaza sauti. Msumari akakubali yote. La kipaza sauti alilifanya siku ile ile, mbele ya duka, akasema shemeji yake hakuiba, yeye ndiye hakujua. Alisema haraka na chini chini. Fundi, aliyesimama ng'ambo ya barabara, akamwonyesha kwa mkono: ongeza sauti. Akarudia.

"Basi kesho nitaita mkokoteni na vibarua, wakuletee nyumbani," Msumari akasema, akijua ameshamaliza.

"Mkokoteni hapana," Fundi akasema. "Zimedhoofika. Zikitikiswa ndani yake kila kitu kinaachana. Na vibarua watazitupa tu, hawana uchungu nazo. Hizi zibebwe na mwenyewe, moja moja."

Yale yalikuwa maneno matupu, hayakuandikwa kwenye karatasi yoyote. Lakini Msumari, aliyewahi kukataa kuamini kweli, sasa aliamini kila kitu. Toka stoo mpaka nyumbani kwa Fundi ni hatua kama mia nne, kupita kwa kinyozi, kupita kwa mafundi viatu, kupita kwa mwalimu. Kila betri kilo hamsini kasoro. Tajiri akavua shati, akabaki na fulana, akabeba.

Siku ya kwanza alibeba kumi na nane. Kinyozi alihamisha kiti chake nje, wateja wakawa wananyolewa wakimtazama. "Kaza, tajiri! Umebakiwa na kiwanja kimoja tu, usikidondoshe!" Siku ya pili alibeba kumi na tano, na kitambi kilionekana kama kinataka kumwacha. Alipofika mlangoni, Fundi alipokea kila moja, akaipima, akaiweka kulia au kushoto, hakumwambia pole. Za mkunga zilikuwa tayari zinakula, namba kwenye kipimo zinapanda kidogo kidogo.

Siku ya tatu, mchana, mama mkwe alikuwa amekaa barazani. Mwanawe alikuwa ametoka kwenda kuchukua nyingine.

"Mkwe," akasema. "Hivi zile zilifikaje pale stoo? Mwanzoni."

"Kwa lori, mama. Na barabara ya vumbi."

Mabega ya bibi yakaanza kutetemeka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na kabla machozi hayajakauka kicheko kikamwisha. "Ni mwanangu lakini."

"Najua."

"Mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Fundi akainua macho: Msumari alikuwa anatokea konani, ameinama, mzigo mgongoni. Kwa mbali, uso hauonekani, mgongo ule ulikuwa wa marehemu mumewe mtupu, na hilo lilimuudhi kuliko matusi yote. Hakutaka mgongo ule umfanye mwema. Akamngoja afike, apumue, atue. Akaipima ile betri. Ilikuwa ya kupona.

Mama mkwe akampa mwanawe maji. Akanywa kikombe kizima amesimama.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Ishirini na mbili," Fundi akasema. "Shemeji, kesho njoo na mkokoteni."

Msumari akaganda, kikombe kikiwa bado mkononi. Akamtazama yeye, akamtazama mama yake, aliyekuwa anaangalia paa. Kuelewa kukapanda usoni mwake polepole, kama maji yanavyopanda kwenye ukuta wa udongo.

"Kesho?" akasema.

"Kesho. Leo jua bado lipo."

Kinyozi, kule kona, alizima mashine ili asikie. Msumari alisimama pale muda ambao mtu angeweza kutukana, kupiga teke boksi, au kwenda nyumbani kwake. Kisha akaweka kikombe chini, akajifunga upya mkanda, akarudi njia ile ile kwenda kuchukua nyingine.